Vioo Vidogo vya Michezo Nairobi

Kabla ya simu za mkononi kuenea, mchezo wa kielektroniki ambao mzazi wa Nairobi angeweza kumnunulia mtoto bila kuumia mfukoni ulikuwa Brick Game, kifaa cha plastiki kutoka China kilichouzwa madukani na kwa wachuuzi wa katikati ya jiji. Kwa kulinganisha, Game Boy, kifaa cha michezo cha mkononi cha Nintendo kilichotoka mwaka 1989, kilichora picha yoyote kwa nukta 160 kwa 144. Brick Game haikuwa na uhuru huo. Uwanja wa mchezo kwenye kioo chake ulikuwa na miraba 200 tu, safu 20 za miraba 10, na umbo la kila mraba lilikuwa limechorwa humo kiwandani: umeme ukipita mraba unakuwa mweusi, ukikatika unatoweka. Gari, nyoka na kifaru cha vita vyote viliundwa kwa miraba hiyohiyo. Hata boksi lililotaja michezo 9999 lilikuwa na michache tu, iliyohesabiwa upya kwa kila kasi na kila kiwango.

Mwaka 2000, kampuni za simu za Safaricom na KenCell zilipoanza kushindana, Nokia ilitoa simu ya 3310. Kioo chake kilikuwa na nukta 84 kwa 48, na kila nukta ilikuwa ama nyeusi ama wazi, kwa hiyo picha nzima ilitosha katika baiti 504. Vioo vya aina hiyo huchelewa kubadilika. Kinachokimbia huacha kivuli nyuma yake. Mchezo wa nyoka uliukwepa udhaifu huo kwa ustadi mkubwa, kwani katika kila hatua huwashwa nukta chache kichwani na kuzimwa chache mkiani, mwili wote ukibaki ulivyo. Bantumi, mchezo wa mashimo na kete wa ukoo wa bao na ajua, nao ulikaa vizuri kwenye kioo hicho kwa sababu hauna haraka. Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyojulikana kama mulika mwizi, iliongeza nukta hadi 96 kwa 65, lakini rangi bado haikuwepo.

Bila rangi, Nairobi yenyewe haikuchoreka. Tangu kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004, matatu ilitakiwa kuwa na mstari wa njano ubavuni, na kioo cha nukta nyeusi hakiwezi kuonyesha njano. Simu za rangi zenye uwezo wa kuendesha programu za Java zilifungua njia, ingawa simu nyingi za mwanzo za Nokia zilikataa mchezo uliozidi kilobaiti 64, picha na sauti zikiwemo. Ili kupunguza bei, serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye simu mwaka 2009. Mwaka uliofuata kituo cha teknolojia cha iHub kikafunguliwa Ngong Road, katika jengo la Bishop Magua, na watengenezaji wa programu wakapata mahali pa kukutania. Mwaka 2011 kampuni ya Nairobi ya Planet Rackus ilitoa Ma3Racer, mchezo wa kuendesha matatu kwenye simu za Nokia. Mwaka huohuo Safaricom ilianza kuuza Huawei IDEOS, simu ya Android ya bei nafuu yenye nukta 240 kwa 320, mara 19 ya zile za 3310, na kila moja ikiwa na rangi yake.