Msaada wa Serikali ya Marekani kwa Wanafunzi wa Vyuo: Zawadi, Kazi na Deni



Makanisa yetu ya Uvira, Fizi, Bukavu na Goma yana watoto wengi walioko Marekani leo. Wengi walipitia kambi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Kyangwali kabla ya kupokelewa huko. Sasa wamemaliza shule ya sekondari na wanaingia chuo, na habari inayofika nyumbani kwa simu ni fupi: "Serikali inanilipia masomo." Wazazi wanamshukuru Mungu, na ni haki yao kufanya hivyo. Lakini neno hilo "msaada" limebeba mambo matatu: fedha za zawadi, fedha za kazi na fedha za deni. Mwanafunzi asiyeyatenganisha anaweza kutia saini deni akidhani amepewa zawadi. Na sisi tulioko nyumbani tunaweza kumwomba fedha ambazo si zake.

Mpango ulianzaje

Msingi wa mpango huu ni sheria ya elimu ya juu iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwaka 1965. Nia yake ilikuwa kwamba mtoto wa maskini asizuiwe kusoma kwa sababu ya umaskini wa wazazi wake. Mwaka 1972 ikaongezwa ruzuku kwa wanafunzi wenye uhitaji, ambayo tangu mwaka 1980 inaitwa ruzuku ya Pell, kwa jina la Seneta Claiborne Pell wa jimbo la Rhode Island.

Mlango wa kuingilia ni fomu moja inayoitwa FAFSA. Hujazwa kila mwaka wa masomo kwenye tovuti ya serikali, studentaid.gov, nayo ni bure kabisa. Mtu anayedai malipo ili "kufungua" fomu hiyo anajitafutia faida yake. Fomu inauliza mapato ya mwanafunzi na ya wazazi wake, kisha inatoa namba inayokionyesha chuo kiasi cha uhitaji wa familia. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo msaada unavyoweza kuwa mkubwa. Ni vema kuijaza mapema, kwa sababu majimbo na vyuo vina tarehe zao za mwisho, na baadhi ya fedha hugawiwa mpaka ziishe.

Nani anahesabiwa

Raia wa Marekani na mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu wanaweza kuomba. Mtu aliyepokelewa rasmi kama mkimbizi, na aliyekwisha kupewa hifadhi, nao wanaweza kuomba wakiwa na karatasi za uhamiaji zinazoonyesha hali hiyo. Lakini aliyeomba hifadhi na bado anangoja jibu hahesabiwi. Hali kadhalika mwanafunzi aliyesafiri kutoka Kongo kwa viza ya masomo hapati fedha za mpango huu.

Jambo hili la mwisho lisikike vizuri katika vijana wetu wa Goma na Bunia. Mtu akikuambia kwamba kwa kiasi fulani cha dola atakupatia ruzuku ya Pell ukiwa hapa nyumbani, usimpe kitu. Vyuo vingine vya Marekani vina ufadhili wao wenyewe kwa wageni, lakini huo ni mlango mwingine, na huombwa kwa chuo chenyewe.

Majina nayo yana uzito. Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na kambini mara nyingi yaliandikwa kwa mpangilio wowote. Katika FAFSA, jina na tarehe ya kuzaliwa viandikwe sawasawa na vilivyosajiliwa kwenye usalama wa jamii, hata kama tarehe ile ni 1 Januari ambayo familia inajua si ya kweli. Herufi zikipishana, fomu inaweza kukwama.

Baba ni nani?

Hapa ndipo familia za Kikongo hujikwaa zaidi. Kwetu, baba mdogo ni baba, na mama mkubwa ni mama. Mtoto aliyelelewa na mjomba tangu vita hasemi "mlezi wangu", anasema "baba". Lakini kwa FAFSA, mzazi ni yule aliyemzaa mtoto au aliyemchukua kisheria kuwa mwana wake. Baba mdogo, bibi au kaka mkubwa anayelisha nyumba haandikwi kama mzazi ikiwa hakumchukua mtoto kisheria kuwa mwana wake. Kuandika mapato yake mahali pa mzazi ni kosa, hata kama moyo ni safi.

Yatima hawakusahauliwa. Mwanafunzi ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa wamekufa wakati wowote tangu alipofikisha miaka 13 huhesabiwa kuwa anajitegemea, na mapato ya wazazi hayaulizwi. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeoa au kuolewa, na kwa mwenye watoto anaowatunza. Tena sheria inataja wazi kwamba mkimbizi aliyetenganishwa na wazazi wake anaweza kueleza hali hiyo ndani ya fomu. Ofisi ya msaada ya chuo ndiyo inayoamua, na inaweza kuomba barua kutoka kwa mtu anayeijua habari hiyo. Mchungaji anaweza kuwa mtu huyo, lakini aandike tu yale anayoyajua kuwa kweli.

Mafungu matatu

Baada ya fomu kupokelewa, chuo humtumia mwanafunzi barua ya msaada. Ndani yake fedha za aina zote huweza kupangwa pamoja na kujumlishwa chini. Barua isomwe mstari kwa mstari.

Kwanza, zawadi. Ruzuku ya Pell hairudishwi kwa mwanafunzi anayeendelea na masomo. Kwa mwaka wa masomo 2025–2026 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Hutolewa kwa anayesomea digrii ya kwanza, na kwa maisha yote haizidi takribani miaka sita ya masomo kamili. Kwa vyuo vidogo vya miaka miwili, vya mtaa, mara nyingi ruzuku hiyo inatosha kulipa ada yote. Kwa chuo kikuu cha binafsi inaweza kuwa sehemu ndogo tu ya gharama.

Pili, kazi. Mwanafunzi anapewa nafasi ya kufanya kazi saa chache kwa juma, kwa mfano katika maktaba au ofisi ya chuo. Kiasi kilichoandikwa kwenye barua si fedha anazopewa mkononi siku ya kwanza. Ni mshahara atakaoupata akitafuta nafasi hiyo na kufanya kazi.

Tatu, deni. Mikopo ya serikali iko ya namna mbili kwa wanafunzi hawa. Mmoja ni wa wenye uhitaji, na serikali hulipa riba wakati mwanafunzi anasoma angalau nusu ya masomo kamili. Mwingine huanza kuzaa riba tangu siku unapotolewa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi anaweza kukopa hadi dola 5,500. Malipo huanza miezi sita baada ya kumaliza au kuacha chuo, hata kama hakupata diploma. Asiyelipa kwa siku 270 huhesabiwa ameshindwa, na serikali ina uwezo wa kukata sehemu ya mshahara wake. Mwanafunzi anaruhusiwa kukubali zawadi na kukataa mkopo, au kukopa kiasi pungufu ya kile alichopewa.

Kuacha katikati

Chuo huangalia kila wakati kama mwanafunzi anaendelea vizuri. Akishindwa masomo mengi, msaada unasimama. Na akiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha zilizotolewa hurudishwa serikalini. Hapo hata ruzuku inaweza kuacha deni nyuma, kwa sababu chuo kitamdai ada iliyobaki bila kulipwa. Anayepata shida ya ugonjwa au msiba aende kwanza kwenye ofisi ya chuo kabla ya kuondoka.

Neno kwetu tulioko nyumbani

Chuo kikishachukua ada yake, mara nyingine hubaki fedha ambazo hupewa mwanafunzi mwanzoni mwa muhula. Zinaonekana nyingi. Lakini ni za vitabu, chakula, pango na usafiri wa miezi minne, na mara nyingi sehemu yake ni mkopo. Hapo ndipo simu zetu hufika: kuna matanga, kuna mgonjwa, kuna mahari, kuna bati la kanisa. Haja hizo ni za kweli, na mtoto mwenye heshima hajui kusema hapana. Anatuma, kisha anaongeza saa za kazi ya usiku, anashindwa masomo, msaada unasimama, na deni linabaki na jina lake. Tulitaka dola mia mbili, tukapoteza mhandisi au muuguzi ambaye angesaidia ukoo mzima.

Bwana Yesu katika Luka 14 anamtaja mjenzi anayepiga hesabu kabla ya kuinua mnara. Hesabu hiyo ni ya mwanafunzi, na ni yetu pia. Kabla ya kumwomba, tumwulize: fedha hizi ni zawadi, ni mshahara, au ni deni? Kama ni deni, tumwache asome. Na wakati wa kupiga simu, tumpe sala na neno la kumtia moyo, bila ombi jingine. Mungu awalinde wanafunzi wetu.