Shauku na Hadibodi: Tingatinga na Swali la Chanzo cha Ubunifu

Wahakiki wanaoandika kumhusu mchoraji Edward Saidi Tingatinga hugawanyika makundi mawili. La kwanza humwona mrithi: mtoto wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye michoro ya kuta za nyumba za huko ilikuwa damuni mwake ikingoja siku yake. La pili humwona zao la soko: kibarua aliyebaini kwamba wageni wa Oysterbay, mtaa wa Dar es Salaam, hununua picha za wanyama, akawapa walichokitaka. Makundi haya hubishana sana, ila yote mawili yanairuka hatua ya katikati, pale mtu aliyevutiwa na kitu anapoacha kukitazama na kuanza kukifanya. Makala haya yanadai kwamba ubunifu utafutwe katika hatua hiyo, na kwamba ile tunayoiita ilhamu, mara nyingi, huja baada yake.

Tuanze na maisha yenyewe. Tingatinga alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam na kuishi kwa kazi za nyumbani, bustani na vibarua. Shule ya sanaa hakuiona. Alianza kuchora picha za kuuza karibu mwaka 1968. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu anayetoroka. Kazi yote iliyompa jina ilifanyika ndani ya miaka ipatayo minne. Kama chanzo ni damu, damu hiyo ilikuwa wapi hadi alipokaribia umri wa miaka 40? Na kama ni soko, wageni wenye fedha walikuwapo Oysterbay tangu ukoloni. Inasimuliwa kwamba alichokutana nacho ni picha za wachoraji kutoka Kongo zilizokuwa zikiuzwa mjini, zikamvutia, akaona kwamba naye anaweza. Watu wangapi walipita mbele ya picha hizohizo, wakavutiwa vilevile, wakaendelea na safari zao?

Hapa ndipo vifaa vinapotufundisha zaidi kuliko wasifu. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alikuwa na hadibodi, ile ya dari na fanicha, na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Rangi hiyo hung'aa, haikauki upesi, na ukiichanganya ikiwa mbichi juu ya ubao hutoka tope. Anayetaka kivuli laini cha shavu au ukungu wa alfajiri atateseka nayo bure. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuamua kuchora, ukaidi wa rangi unageuka ushauri: paka uwanja mzima rangi moja, acha ukauke, weka mnyama mmoja mkubwa juu yake, mzungushie mstari, mpambe kwa madoa. Chui na kanga, ambao Mungu mwenyewe amewatia madoa, wanaingia katika mpango huo bila kulazimishwa. Hata umbo la picha lina hesabu yake. Vibao vyake vingi ni vya mraba wenye upande wa karibu sentimita 60. Hadibodi ya futi 4 kwa 8 ikikatwa futi mbili kwa mbili hutoa vipande 8 kamili, na hakuna kinachotupwa. Sidai kwamba mtindo wote ulitoka dukani. Ninachosema ni kwamba mawazo mengi ambayo leo tunayasifu yasingeweza kumjia kabla hajashika brashi, kwa kuwa brashi ndiyo iliyoyaleta.

Simulizi ya mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa inaelekea hukohuko. Husemwa kwamba, katika miaka ya 1950, sanamu yake ya binadamu ilivunjika mkono. Badala ya kuitupa aliendelea kuichonga ikawa kiumbe cha ajabu, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, akaipenda na kumtia moyo achonge nyingine. Mtindo wa kuchonga viumbe hivyo, uitwao mashetani, ukapata njia. Hata tukipunguza chumvi ya wasimulizi, mantiki yake inabaki: mpingo uliovunjika haumwambii lolote asiye na patasi mkononi.

Kuna pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Kumwambia kila mtu atende kwa shauku yake ni rahisi kwa mwenye mshahara. Bila Peera, na bila duka la Morogoro Stores ambako picha za Tingatinga ziliuzwa, huenda wote wawili wangechora na kuchonga wiki chache kisha wakarudi vibaruani. Zaidi ya hapo, historia hutuonyesha waliofanikiwa tu. Waliofuata mvuto wao wakaishia na madeni hawana mhakiki. Nalikubali pingamizi hili kwa nusu. Linaeleza kwa nini kazi fulani ilidumu, lakini halielezi ilivyoanza. Soko linaweza kulipia kibao cha pili. Cha kwanza mchoraji hukilipia mwenyewe, kwa muda wake na kwa fedha ya chakula.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanafunzi wa Tingatinga. Baada ya kifo chake waliendeleza mtindo, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Vibao vilivyofanana vikajaa madukani, na wengi wakahitimisha kwamba kutenda bila wazo jipya huzaa marudio. Ni kweli, huyazaa kwa wingi. Lakini tazama njia aliyopita msanii George Lilanga. Alizaliwa mkoa wa Mtwara, akaja Dar es Salaam, akaanza Nyumba ya Sanaa, karakana ya wasanii iliyoanzishwa mwaka 1972, akiwa mlinzi. Mashetani aliowajua kwenye mpingo aliwahamishia kwenye batiki, kisha kwenye rangi zilezile zinazong'aa za kina Tingatinga. Vipengele vyote viwili vilikuwa vimekwisha kurudiwa na mikono mingi. Kukutana kwavyo kulihitaji mtu aliyekuwa akifanya kazi mahali ambapo vyote viwili vilipatikana, naye akathubutu kuvijaribu pamoja. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kumwelewa Lilanga ana haja ndogo ya kuuliza alizaliwa na kipaji gani. Na aanze na ratiba ya karakana: nani alikaa karibu na nani, rangi ipi ilikuwa imebaki kwenye kopo, na mlinzi alipewa saa ngapi za kuchora.