Mzinga wa Bagamoyo na Manowari ya Bomba Tatu

Mgeni aendaye Bagamoyo hataona huko manowari iliyohifadhiwa kwa kutazamwa, kama zilivyo Uingereza na Marekani. Lakini mji huo ulipigwa mizinga kutoka baharini, nao ukatwaliwa na Waingereza tarehe 15 Agosti 1916. Na miongoni mwa vitu walivyoviteka ulikuwamo mzinga wa Königsberg, manowari ya Wadachi.

Vitabu vya Wazungu vyasema kuwa watu wa pwani waliiita “manowari na bomba tatu”. Neno manowari latokana na Kiingereza. Bomba hapa ni dohani. Ila hiyo “na”, mahali pa “yenye”, yaonyesha sikio la Mzungu zaidi kuliko ulimi wa Mmrima, na jina hilo lafaa kupokewa kwa hadhari.

Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliishambulia Pegasus bandarini Unguja, ikazama. Kisha ilijificha katika mikono ya Rufiji, ikaangamia huko tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10, ya milimita 105, iliopolewa, ikakokotwa na wapagazi, na mingine ikatiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu mbali na maji.

Mmoja wa mizinga hiyo uko Pretoria. Mwingine uko Mombasa, katika Ngome ya Yesu, pamoja na mzinga wa Pegasus. Na mtazamaji apitaye kwa haraka aweza kudhani kuwa yote miwili ilikuwa ya merikebu moja.