Hobie Alter na Ubao wa Povu

Mwaka 1954, Hobie Alter, kijana wa miaka 20 aliyeanzia kazi kwenye gereji ya nyumba ya wazazi wake, alifungua duka la mbao za kuteleza mawimbini huko Dana Point, California. Wakati huo ubao mrefu ulichongwa kwa balsa, mti mwepesi kutoka Ekuado. Vipande viligundishwa, vikapigwa randa na msasa, kisha vikavikwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa resini. Balsa nzuri ilikuwa adimu. Tena, ufa mdogo tu uliruhusu maji kupenya, na ubao ukawa mzigo.

Mwaka 1958, Alter na mfanyakazi wake Gordon Clark waligeukia povu la poliuretani. Kemikali zilichanganywa, zikamiminwa kwenye kalibu, na kifuniko kikafungwa upesi kabla povu halijaumuka kama andazi. Katikati uliwekwa ukanda mwembamba wa mti ili ubao usivunjike. Hapo ndipo ufundi wa mtu mmojammoja ulipoanza kuwa kiwanda.

Clark alijitenga akaanzisha Clark Foam, kampuni iliyowauzia povu mafundi wengi wa Marekani hadi ilipofungwa ghafla Desemba 2005, ikawaacha wakihangaika.

Alter mwenyewe hakung'ang'ania mbao. Mbao fupi zilipoteka vijana mwishoni mwa miaka ya 1960, alibuni Hobie Cat, mashua ya tanga yenye viunzi viwili sambamba, ambayo pengine ilimpa umaarufu mkubwa zaidi. Alifariki mwaka 2014, akiwa na miaka 80.