Kuona si kuhifadhi: historia fupi ya matokeo katika S na R

Leo naomba tuachane kidogo na simu na intaneti, tuzungumzie jambo ambalo limewaliza wengi: kompyuta kukuonyesha jibu, kisha jibu hilo kupotea.

Nianze na kisa. Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, rafiki yangu mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili alikuwa na takwimu za mavuno ya mahindi. Alitumia R, lugha ya programu iliyotengenezwa kwa ajili ya wanatakwimu, na akaniomba msaada kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Alihitaji kurudia kuchota sampuli mara 10,000 kutoka kwenye data yake ili ajue makadirio yake yanayumba kiasi gani. Modeli yake ilikuwa nzito na leptopu ilikuwa kuukuu, kwa hivyo kazi ilihitaji usiku mzima. Akaandika mstari huu, akabonyeza Enter, akaenda kulala:

boot(mavuno, makadirio, R = 10000)

Asubuhi matokeo yalikuwa pale kwenye skrini. Nambari chache tu, safi kabisa. Akafurahi, akazipiga picha kwa simu, kisha akafunga R. R ikamuuliza kama ahifadhi kazi yake, naye akajibu ndiyo. Nani angejibu hapana?

Siku hiyo msimamizi wake akamwambia: vizuri, sasa nionyeshe grafu ya yale makadirio 10,000. Rafiki yangu akafungua R. Hakukuwa na kitu! Picha ya simu ilikuwa na nambari tatu pekee: makadirio ya awali, upendeleo na kosa sanifu. Yale makadirio 10,000 hayakuwa popote.

Usiku wa pili nikamwonyesha namna ya kulipa tokeo jina. Usiku huohuo stima ikakatika, na betri ya ile leptopu ilikuwa imekufa zamani. Jina likapotea pamoja na mwenye jina. Kazi ilifaulu usiku wa tatu, na tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imepita. Akalazimika kuandika barua ya kuomba radhi.

Kwa muda mrefu nilidhani huo ni uzembe wetu tu. Baadaye nilipoisoma historia ya lugha hii ndipo nikaelewa kwamba makosa yetu mawili yana asili mbili tofauti, moja Marekani na nyingine New Zealand. Haya, tuanze safari.

Miaka ya 1970, kazi nyingi za takwimu zilifanywa kwa makundi. Unaandaa data na maagizo yako, unayapeleka kwenye kompyuta kubwa, unaondoka. Ukirudi unakuta bunda la karatasi. Programu kubwa za wakati ule zilikokotoa karibu kila kitu ambacho huenda ungekihitaji, zikachapa vyote. Tokeo lilikuwa karatasi. Ukitaka kutumia nambari moja kutoka ukurasa wa 12 kwenye hesabu nyingine, mara nyingi uliisoma kwa macho na kuipiga upya kwa mkono.

Katika maabara za Bell Labs kule Murray Hill, New Jersey, watafiti wa takwimu hawakupenda utaratibu huo. Walikuwa na maktaba yao ya programu ndogondogo za Fortran, ila hata hesabu rahisi ilimlazimu mtu kuandika programu nzima ya Fortran. Tarehe 5 Mei 1976 kikundi kidogo kilikutana kujadili njia bora zaidi. Miongoni mwao walikuwa John Chambers na Rick Becker. Chambers alichora mchoro ulioonyesha algoriti ya Fortran ikiwa imezungukwa na kiunganishi: data inaingia upande mmoja, na matokeo yanatoka upande wa pili yakiwa yamefungwa pamoja kama muundo mmoja. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa lugha iliyoitwa S.

Tulitazame wazo hilo vizuri. Katika S, fanksheni (yaani kipande cha programu unachokipa data nacho kikakurudishia jibu) haikutengenezwa ili ichape. Ilitengenezwa ili irudishe kitu. Kitu hicho unaweza kukipa jina, kukichorea grafu, au kukikabidhi kwa fanksheni nyingine. Tokeo likaacha kuwa karatasi, likawa mali.

Sasa, ikiwa fanksheni inarudisha kitu, mtumiaji atakionaje? Hapa ndipo penye chanzo cha kosa letu la kwanza. Sheria ni hii: ukiandika mstari bila kulipa jibu jina, mkalimani wa lugha anadhani unataka kuliona, basi anakuonyesha. Ukilipa jina, anadhani unataka kulitunza, basi ananyamaza.

mean(mavuno)
wastani <- mean(mavuno)

Mstari wa kwanza unaonyesha wala hautunzi. Wa pili unatunza wala hauonyeshi. Kwa mtu aliye mbele ya kompyuta akijaribu hili na lile, huu ni utaratibu mzuri sana. Kwa mtu anayekwenda kulala, ni mtego!

Kila Mkenya anaweza kulielewa hili kwa urahisi. Ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yako si pesa. Unakueleza tu kwamba pesa zipo, na ukiufuta, pesa zako ziko palepale kwenye akaunti. Vivyo hivyo ujumbe unaweza kuwepo na pesa zisiwepo, waulize waliowahi kutapeliwa. Rafiki yangu alipiga picha ya ujumbe.

Hata ule mshale una historia yake. Alama ya mshale unaoelekea kushoto kwa maana ya "weka jibu hapa" ilitumika kwenye lugha ya APL, iliyokuwa na kibodi yake maalumu. Watu wa S walitumia herufi mbili badala yake, alama ya "ndogo kuliko" na kistari. Lakini S ilikubali pia alama ya mstari wa chini kwa kazi hiyohiyo. Kwa nini? Katika kiwango cha ASCII cha 1963, nafasi ambayo leo ina mstari wa chini ilikuwa na mshale wa kushoto. Mstari wa chini ulichukua nafasi hiyo katika toleo la 1967. R nayo ilirithi mazoea hayo, ikayaondoa katika toleo la 1.8.0 mwaka 2003. Ndiyo maana ukikuta msimbo wa zamani wenye x_5, usidhani hilo ni jina. Ni amri ya kutunza.

Turudi kwenye safari. S ilianzia kwenye kompyuta ya Honeywell, kisha ikahamia UNIX. Mwaka 1988 likatoka toleo jipya lililoandikwa karibu upya kabisa, ambapo mtumiaji aliweza kuandika fanksheni zake kwa S yenyewe. Halafu mwaka 1992 Chambers na Trevor Hastie wakahariri kitabu kuhusu modeli za takwimu katika S, na humo ukaja mfumo wa madaraja ya vitu. Kila kitu kilibeba lebo ya aina yake, na kila aina ikawa na namna yake ya kujionyesha.

Kabla ya hapo, ukikionyesha kitu kikubwa ungemwagiwa kila kilichomo. Baada ya hapo, modeli ya takwimu ikionyeshwa inajieleza kwa mistari michache tu, ingawa ndani ina mabaki, thamani zilizokadiriwa na mengine mengi. Jambo jema kwa macho. Lakini pengo kati ya kinachoonekana na kilichopo likawa kubwa zaidi. Ile picha ya nambari tatu ilikuwa matunda ya uamuzi huu: kitu kilikuwa na makadirio 10,000 tumboni, ila tabia yake ya kujionyesha ni kutaja muhtasari.

Hata nambari moja tu huonyeshwa ikiwa imepunguzwa. R kwa kawaida huonyesha tarakimu 7 zenye maana. Andika pi utaona 3.141593, ilhali kilichotunzwa ndani ni 3.141592653589793. Ukinakili cha skrini, umeacha sehemu nyuma.

Je, tarakimu chache zina madhara? Mwulize Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa MIT. Mwaka 1961 alitaka kurudia sehemu ya jaribio lake kwenye kompyuta ndogo ya LGP-30. Akachukua nambari kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, akaziingiza upya, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya jaribio jipya ilikuwa imeachana kabisa na ile ya mwanzo. Mashine haikuwa na hitilafu. Ndani kompyuta ilikuwa imetunza 0.506127, na karatasi ilikuwa imechapa 0.506. Kutokana na tofauti hiyo Lorenz alifungua ukurasa mpya wa sayansi, nadharia ya vurugu. Sisi wengine tukifanya kosa hilo hatupati nadharia, tunapata barua ya kuomba radhi.

Sasa tuhamie New Zealand. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Auckland, Ross Ihaka na Robert Gentleman walitaka programu nzuri ya takwimu kwa ajili ya maabara yao ya kufundishia, iliyokuwa na kompyuta za Macintosh. Wakaanza na mkalimani mdogo aliyefanana na wa lugha ya Scheme, wakamvisha sura ya S kwa kuwa ndiyo waliyoizoea. Wakaiita R, herufi ya kwanza ya majina yao yote mawili na pia utani kwa jina S. Waliitangaza mwaka 1993, mwaka 1995 wakaitoa bure chini ya leseni ya GPL, na toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000.

Kwa sura, S na R ni kama ndugu mapacha. Lakini kwenye utunzaji wana tabia tofauti, na hapa ndipo penye chanzo cha kosa letu la pili. Katika S, ulipolipa tokeo jina, liliandikwa kwenye diski, ndani ya folda ya data. Ungetoka, ungerudi kesho, ungelikuta. Katika R, kwa kufuata asili yake ya Scheme, vitu vyote hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta wakati wa kazi. Huandikwa kwenye diski pale tu unaposema viandikwe, au ukijibu ndiyo wakati wa kufunga. Njia hii ni nyepesi na ina kasi. Lakini stima ikikatika kabla hujasema, umeaga.

Na kumbuka rafiki yangu alijibu ndiyo usiku wa kwanza! Haikumsaidia, kwa sababu R huhifadhi vitu vyenye majina katika eneo lako la kazi. Tokeo lake halikuwa na jina. Kabla hajafunga kulikuwa bado na njia moja ya kuliokoa: R hushikilia tokeo la mwisho chini ya jina .Last.value. Lau angeandika tokeo <- .Last.value asubuhi ile, kabla ya kuandika kitu kingine, angekuwa salama. Nami nilikuwa silijui hilo.

Basi ukitumia R leo, kazi ya usiku iwe hivi:

tokeo <- boot(mavuno, makadirio, R = 10000)
saveRDS(tokeo, "tokeo.rds")
print(tokeo)

Kwanza jina, kisha diski, mwisho macho. Mistari yote mitatu iandike kabla ya kwenda kulala. Ukitaka tokeo lako siku nyingine, liite kwa readRDS("tokeo.rds"), nalo litakuja na tarakimu zake zote.

Na kwa wanaoandika fanksheni zao wenyewe, nina ombi moja. Fanksheni isiishie kwa cat(), kwani cat() hutangaza jibu kwenye skrini na kumkabidhi mtumiaji patupu, yaani NULL. Rudisha jibu lenyewe, na kuonyesha umwachie anayeitumia. Pia kumbuka kwamba kuonyesha kwa hiari ya mkalimani hufanyika nje tu, pale unapoandika amri. Ndani ya fanksheni au mzunguko wa for, ukitaka kuona ni lazima uandike print().

Mwaka 1998 Chambers alipewa tuzo ya programu ya ACM kwa ajili ya S. Alistahili, kwa kuwa yeye na wenzake ndio waliotufundisha kwamba jibu ni kitu cha kushika mkononi. Kulishika ni juu yetu. Wazee wetu walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari. Rafiki yangu sasa ameubandika mstari wa saveRDS kwenye kifuniko cha leptopu yake mpya.

Tukutane wakati mwingine, na leo kabla ya kulala, hifadhi kazi yako!