Chandarua: safari kutoka utafiti hadi dukani

Chandarua chenye dawa tunakijua sote. Ila kukifikisha kitandani hakukuwa kazi ya madaktari peke yao.

Huko Bagamoyo, miaka ya 1990, watafiti walikaa na wazazi wakawauliza kuhusu degedege. Wengi hawakuliona kuwa malaria. Walisema ni shetani anayekuja kwa umbo la ndege, na tiba yake iko kwa mganga. Basi hata ukimwambia mama kwamba chandarua kinazuia malaria, hatakihusisha na degedege analoliogopa. Hilo hadubini isingelionyesha. (Tuseme wazi: degedege mara nyingi hutokana na malaria kali. Mtoto awahishwe kituo cha afya.)

Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua Kilombero na Ulanga, kwa jina la Zuia Mbu. Kabla ya hapo wananchi waliulizwa wanapenda chandarua cha namna gani na wanamudu bei ipi. Watu wa takwimu nao walifuatilia vifo vya watoto nyumba kwa nyumba. Matokeo yalitoka 2001: kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, chandarua chenye dawa kilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika.

Bei ikabaki kikwazo. Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo: mjamzito aliipata kliniki, akaipeleka dukani, akaongeza pesa iliyobaki. Aliyekosa nyongeza hiyo alirudi mikono mitupu. Kampeni za kugawa bure zilifuata baadaye.