Daftari Kabla ya Sanda

Ndugu msomaji, siku ukipanda daladala kutoka mitaa ya ndani ya Mbagala, hesabu matuta. Kila gari likiruka, abiria watasonya, na mmoja hakosi kumlaani aliyeliweka tuta lile. Mimi sisonyi. Katika matuta yale lipo moja ambalo namjua aliyelilipia.

Tulikuwa darasa la tatu, tukikaa dawati moja. Asubuhi moja mwenzangu akagongwa na gari akivuka kuja shule. Tulimzika siku ya pili yake. Jioni, vijana wa mtaa wakatoa mawe na matairi wakaziba njia, magari yakalala pale mpaka usiku. Haikupita muda mrefu, tuta likamwagwa. Wazee wakasema, "Alhamdulillahi, serikali imesikia." Mimi na akili yangu ya kitoto nikajiuliza: kwani kabla ya hapo ilikuwa haisikii nini?

Swali hilo nimekua nalo. Ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za barabara za mji wetu, mimi ambaye cheti changu ni cha Kidato cha Nne tu na ndoto yangu ni kuandika riwaya, si kujenga madaraja.

Dar es Salaam ni mji ulioota kama vidole vya mkono. Kiganja ni bandari na Kariakoo. Vidole ni barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu ambayo leo ni ya Nyerere, na ya Kilwa. Mkoloni aligawa mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ilala, Magomeni na Temeke zikajengewa Waafrika, mbali kidogo na bahari. Wenyeji wa huko wengi walikwenda kazini kwa miguu. Mabasi yalikuwepo, ya kampuni ya DMT iliyoanza mwaka 1949, na baadaye ya shirika la UDA lililoundwa 1974. Lakini watu walizidi mabasi. Mwaka 1983 serikali ikawaruhusu wenye magari binafsi kubeba abiria, nayo daladala ikapata uhalali.

Hesabu ya watu nayo haikungoja. Sensa ya 1967 ilikuta watu 272,821 katika mji huu. Ile ya 2012 ikakuta 4,364,541, na ya 2022 ikapata 5,383,728. Wengi wao wanakaa kwenye ncha za vile vidole, huko Bunju, Mbagala, Kimara na Gongo la Mboto. Barabara iliyokuwa njia ya kwendea mkoani sasa imepita katikati ya mtaa. Upande huu shule, upande ule nyumba. Upande huu kisima, upande ule soko. Barabara ikipanuliwa, gari linapata nafasi ya kukimbia, na mtoto anaongezewa mapana ya kuvuka.

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, nayo inamtaka dereva ampishe mtu aliye kwenye kivuko. Ndani ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Lakini jamani, nani kati yetu hajasimama kwenye zebra akaona magari yanavyopita kama vile ile rangi nyeupe ni pambo la harusi?

Basi watu wakichoka huja siku kama ile ya Bunju. Julai 2015, huko Bunju A wilayani Kinondoni, mwanafunzi aligongwa akafa katika barabara ya Bagamoyo. Wananchi wakafunga barabara. Hasira zikapanda, mwisho kituo cha polisi kikachomwa moto. Waliokamatwa wakafikishwa mahakamani kwa mashtaka mazito. Fikiri hasara yake, msomaji: mtoto amekwenda, kituo kimeungua, na familia nyingine zikaanza safari za mahakamani. Sitetei moto. Ninachosema ni kwamba moto ule ulikuwa na historia nyuma yake, ya watu waliokwisha kuamini kwamba bila maiti hawasikilizwi.

Wala tusidhani hasira hiyo ni ya Waswahili peke yao. Uholanzi, nchi inayosifiwa leo kwa baiskeli, mwaka 1971 ilipoteza zaidi ya watu 3,000 barabarani, na watoto kati yao walipita 400. Wazazi wa huko nao walikaa katikati ya barabara. Lakini hawakuishia kukaa. Walishika zile hesabu, wakazirudia kila mlango wa mkubwa, mpaka mitaa ikachorwa upya. Hapo ndipo nilipoona tulipopungukiwa. Mawe tunayo tele. Tulichokosa ni hesabu.

Chukua mwaka 2016. Taarifa ya serikali ilionyesha kuwa watu 3,256 walikufa kwa ajali za barabarani Tanzania. Shirika la Afya Duniani, kwa njia zake za kukadiria, likasema waliokufa mwaka huo ni kama 16,252. Tofauti ya watu elfu kumi na tatu! Sisemi kwamba askari wa trafiki amedanganya. Askari huandika ajali iliyomfikia. Aliyepakiwa kwenye bajaji akakimbizwa zahanati, aliyefia wodini baada ya siku kumi, mtoto ambaye wazazi wake walimalizana na dereva kwa pesa ya dawa, hao wote ni rahisi kupita pembeni ya daftari. Na asiyeandikwa hawekewi tuta.

Sasa nisimulie habari njema, kwani nayo imetokea hapa hapa. Shirika liitwalo Amend lilianza mwaka 2012 mpango unaojulikana kama SARSAI. Kazi yake ukiieleza ni nyepesi. Wanakwenda shule za msingi, wanauliza ni watoto wangapi wameumia njiani, na shule yenye hatari kubwa ndiyo inayotangulia. Kisha wanasimama njiani. Wanatazama watoto wanapita wapi, magari yanakimbia kiasi gani, kona ipi imefichwa na ukuta au kibanda. Baada ya hapo ndipo yanakuja matuta, zebra, alama, vizuizi vya kutenga njia ya miguu, na pengine geti la shule kuhamishiwa upande usio na barabara kubwa. Hakuna barabara ya juu wala taa za mamilioni.

Halafu wakafanya jambo ambalo mimi naliheshimu kuliko matuta yenyewe: walirudi kuhesabu. Walichukua maeneo ya shule 18 za Dar es Salaam, tisa zikatengenezewa njia na tisa zikaachwa kwanza ili kulinganisha. Wakabisha hodi majumbani kuuliza habari za watoto, 12,957 kabla na 13,555 baadaye. Palipotengenezwa, watoto walioumia walipungua kwa asilimia 26. Pasipotengenezwa upungufu ulikuwa mdogo, usiotosha kusema si bahati tu. Mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI, dola 250,000, ukiishinda hata miradi ya Medellín na Durban.

Utasema hayo ni ya mashirika yenye fedha. La hasha. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata, walianza kuchora ramani za mitaa yetu katika mradi wa Ramani Huria. Shabaha ilikuwa mafuriko, lakini walichora mpaka vichochoro ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote. Walikuwa vijana wa rika letu, wenye simu mkononi na matope miguuni.

Nami nimenunua daftari la kaunta. Asubuhi nakaa chini ya mwembe karibu na kivuko cha mtaani kwetu. Nachora mistari mitano mitano, upande mmoja madereva waliosimama, upande wa pili waliopita. Upande wa pili unajaa haraka. Mama muuza vitumbua kaniuliza, "Mwanangu, wewe ni trafiki?" Nikamjibu, "Hapana mama, naandika." Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia jina la mtoto aliyegongwa pale, na la mwingine, na mwezi wenyewe. Nikaandika. Kumbe hesabu zilikuwepo siku zote vichwani mwa mama zetu, zikingoja mtu mwenye kalamu.

Likijaa nitalipeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa diwani. Huenda wakalitupa kabatini. Nitanunua jingine. Nawe kijana mwenzangu, wa Tandika, wa Tegeta au wa Manzese, nunua lako. Mwenzangu wa darasa la tatu alipata tuta lake akiwa ndani ya sanda. Wadogo zetu wapate lao wakiwa ndani ya sare.